Meno ya Marehemu

Katika mji huu hakuna fundi wa meno ya bandia aliyewahi kunishinda. Kweli, fundi mwenyewe ni mimi peke yangu. Na kweli pia kwamba mwaka juzi mzee mmoja alipiga chafya kwenye foleni ya benki, kazi yangu ikaruka ikatua kwenye kikapu cha mama wa watu. Lakini tusichimbue ya zamani.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana ulifungia sabuni, nakukumbusha upesi.

Mimi ni mjane, au ndivyo nilivyojua. Miaka ishirini na sita iliyopita mume wangu, dereva wa lori, aliletwa nyumbani ndani ya jeneza lililopigiliwa misumari. Ajali, wakasema. Aliyemtazama ni mtu mmoja tu, dada yake, yaani wifi yangu. "Nimemfumba macho kwa mkono wangu huu," aliniambia. "Wewe usimwone, wifi. Baki na sura uliyoizoea."

Udongo wa kaburi haujakauka, wifi huyohuyo akaanza kunitangaza mtaani. Eti nilimnyonya kaka yake damu kwa manung'uniko mpaka akaishiwa nguvu kwenye usukani. Mnyonya damu, ndilo jina nililopewa. Akamchukua binti yangu wa miaka minne, akamlea, akamfundisha kumwita yeye "Mama." Mimi niliyemzaa huniita "fundi," kama wateja wengine.

Sasa miezi miwili iliyopita akaja mjini dada mmoja mwenye miwani mikubwa kutengeneza filamu. Filamu ya nini? Ya mnyonya damu! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ni mwongozaji, na tunamwita Kimya, kwa sababu ndilo neno analolisema kuliko yote.

Kimya alikuja kwangu na meno ya chonge ya plastiki ya dukani, akayatupa mezani kama mtu aliyeuziwa samaki mbovu.

"Bibi, haya hayana huzuni. Nataka meno yenye huzuni."

"Huzuni haikai kwenye meno, mwanangu. Hukaa kwenye fizi."

Akaliandika hilo kwenye daftari. Tangu siku hiyo akanipenda. Hata alikaa kwenye stuli yangu nimpime kinywa yeye mwenyewe, eti aonje anachokionja mwigizaji wake. Alionja, akatema, akauliza kama ule unga wa kupimia ni sabuni.

Wiki jana basi nilikwenda wanakopigia picha kumwona huyo mnyonya damu. Nikamkuta kalala kwenye jeneza, kapakwa unga mweupe usoni, ndevu mpaka kifuani. Wenzake wanamwita Marehemu. "Marehemu anaomba chai." "Marehemu kaenda chooni." Aliponiona akageukia ukutani bila hata kunijibu salamu. Mezani aliacha tofaa alilolimega mara moja tu. Nikalitazama lile pengo, alama za meno yale kama nazijua. Nikalifunga kwenye leso, nikatoka.

Hapo ndipo tulipoachana.

Nilifika nyumbani nusu nikikimbia, na magoti yangu haya kukimbia ni habari ya kutangazwa redioni. Nikakoroga plasta, nikaimimina kwenye pengo la tofaa, nikakaa kuisubiri ikauke. Wengine husubiri majibu ya hospitali. Mimi nilisubiri majibu ya tunda.

Plasta ilipokauka nikalimenya tofaa kama ganda la yai. Yakabaki meno manne yamejichora.

Nikaenda kwenye rafu ya juu.

Huko kuna taya moja la plasta ambalo si la mteja. Ndilo taya la kwanza kulitengeneza maishani. Nilikuwa bado nafundishwa kazi, sina kinywa cha kujifunzia, mume wangu akajitolea. Alikaa jikoni, plasta ikamtiririka kwenye shati jeupe, akacheka na mdomo wazi. Chini ya kitako cha lile taya nilichonga mwaka, na neno moja: WANGU.

Tangu mazishi nimelipangusa taya hilo kila Jumapili. Nimelisimulia bei za vitu. Nimeliuliza kama huko liliko kuna baridi. Mwaka binti yangu alipoolewa nami sikualikwa, nililala nalo.

Nikayaweka meno ya tofaa pembeni yake.

Chonge la kushoto lililogeuka upande, kama jirani anayechungulia dirishani. Lipo hapa, lipo pale. Jino la mbele lililomeguka siku alipofungua soda kwa majivuno, tukiwa wachumba. Lipo hapa, lipo pale.

Sikulia. Wanaonijua watasema naongopa, lakini sikulia. Nililitazama lile taya, nikaliambia, "Kumbe baridi hakuna."

Kisha nikaligeuza uso ukutani.

Sasa nisikilizeni. Mtu mwingine angekwenda kumshika ndevu palepale. Mimi nilifikiria pilipili. Chonge zina uwazi kwa ndani, pilipili ya unga ingekaa vizuri. Baadaye nikafikiria gundi, awe mnyonya damu mpaka kiama. Nikafikiria mambo mengine ambayo mhariri hataniruhusu.

Lakini sikutaka afe. Alishakufa mara moja na hakujifunza kitu.

Nilitaka neno moja tu. Nilitaka binti yangu anione si muuaji wa baba yake, aniite "Mama," hata mara moja, hata kwa hasira. Na kwa hilo, yule mtu ilibidi afufuke mbele yake. Nikimshika ndevu mimi, angesema bibi kachanganyikiwa, na mji mzima ungemwamini, kwa sababu nusu ya mji unaniogopa na nusu nyingine nimewahi kuwatia vidole mdomoni.

Nilikuwa bado nawaza hivyo simu ikalia. Kimya.

"Bibi, asante kwa kumpima Marehemu juzi Jumanne."

Jumanne? Jumanne nzima nilishinda kibandani nikiziba ufa wa meno ya mstaafu mmoja. Hakukanyaga mtu mwingine.

"Amekwambia amekuja kwangu?"

"Ndiyo. Anasema una mkono mwepesi sana."

Mtu mzima anaogopa kuja kukaa kwenye stuli yangu, anakwenda kudanganya kuwa alikaa. Kumbe ananikumbuka! Kanikwepa kwa sababu anajua nikimshika kinywa nimemshika yeye. Na kwa kunikwepa huko kanipa kamba, kanionyesha na mti wa kuifungia.

"Alikuwa mtulivu mno," nikamwambia Kimya. "Ungedhani hayupo."

Siku tatu nilifanya kazi ambayo sijawahi kuifanya hata kwa mfalme. Chonge nilizitengeneza juu ya lile taya la rafuni. Meno ya uzeeni hutembea kidogo, basi kwa umbo nikafuata taya, kwa nafasi nikafuata tofaa. Nikazisugua mpaka zikawaka. Kimya alitaka huzuni. Nikazitia kivuli cha manjano chini kidogo ya ncha, zikaonekana kama zimengoja mtu miaka mingi.

Bado binti.

Binti yangu ni msusi, ana saluni yake karibu na stendi. Nilimwambia Kimya kwamba waombolezaji wake wana vichwa kama vifagio, na kwamba namjua msusi. Kesho yake binti akanipigia. Mara ya mwisho alinipigia kuuliza kama naweza kurekebisha kitana.

"Fundi, ni wewe uliyewapa namba yangu?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Wanataka msusi mwenye mkono. Na idadi ya waombolezaji haijatimia. Mkimaliza kusuka mtasimama kidogo mlie mbele ya kamera."

Nikasikia mashine ya kukaushia nywele ikipiga kelele nyuma yake.

"Mama anataka kuja na mimi. Anapenda kuona mambo ya kamera."

Lile neno "Mama" lilikuwa na miiba kama samaki. Nikalimeza.

"Mama aje," nikasema. "Kulia anaweza. Nimemwona."

Siku ikafika. Saa nne asubuhi, jua kali nje, lakini ndani ya ile nyumba waliyoikodi ulikuwa usiku, maana madirisha yote yameshonewa vitambaa vyeusi. Sebuleni jeneza juu ya meza mbili. Taa moja. Waya kila mahali, na watu wanatembea kwa ncha za vidole kama wezi wenye adabu.

Niwaeleze kidogo filamu yenyewe, msije mkadhani ni ile ya kukimbizana. Mnyonya damu wa Kimya haumi mtu. Anakaa. Anatazama bomba linalodondosha maji, dakika kumi na moja, nimehesabu. Anarudi kwenye nyumba aliyoombolezwa, anasimama mlangoni kwa mjane wake, na haruhusiwi kuingia mpaka mjane amkaribishe.

"Na mjane anamkaribisha?" nilimuuliza Kimya.

"Bado sijaamua, bibi."

"Anamuuma nani sasa?"

"Haumi. Yeye ndiye aliyeumwa."

"Na nani?"

"Na wakati."

Nikamwambia wakati umenila mimi magego yote na sijatengenezewa filamu. Akaliandika na hilo.

Binti akaingia na mkoba wake wa vitana. Miaka thelathini, mwili wangu wa ujanani, mwendo wa baba yake. "Fundi," akanisalimia. Nyuma yake wifi, kajipaka wanja mpaka masikioni, kavaa kama anayekuja kuolewa yeye.

"Wifi, hujafa tu?" akaniuliza huku anacheka.

"Nakusubiri, wifi. Njia siijui, mpaka uniongoze."

Wakasukwa waombolezaji, wakapangwa. Binti mstari wa mbele, wifi ubavuni mwake. Ndipo Marehemu akaletwa kutoka chumba cha nyuma, mweupe kama ukuta, joho jeusi likiburuta, akapanda ngazi ndogo, akajilaza kwenye jeneza.

Na hapo wifi yangu, aliyekuja kuona kamera, ghafla hakutaka tena kuiona.

"Mwanangu, twende," akamwambia binti. "Kichwa kinaniuma."

"Mama, ndiyo kwanza tunaanza."

"Nimesema twende. Mambo ya majeneza haya siyo mazuri."

"Kimya!" akasema Kimya, na wifi akabaki palepale, kamshika binti mkono kama mtu aliyeshika nguzo ya basi. Nikaona jasho linamtiririka na wanja wake. Nikadhani ni mimi ninayemkera. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Kimya akaniita. Alitaka Marehemu avishwe meno mbele ya kamera kwa mara ya kwanza, ili uso wake ushtuke kweli. Nikamwambia hilo la kushtuka aniachie mimi.

Nikasogea kwenye jeneza.

Wasomaji wangu, miaka ishirini na sita iliyopita sikuruhusiwa kutazama. Nilikaa mkekani nasikia watu wanasema jeneza zito, jeneza zito. Kaburi lile nimelifagia kwa mikono yangu. Leo kifuniko kiko wazi, taa inawaka, na mume wangu kalala mikono kifuani, anapumua.

Kope zilikuwa zinamcheza.

"Habari za tangu Jumanne?" nikamnong'oneza. "Fungua mdomo, Marehemu."

Akafungua. Angefanyaje na kamera inaenda? Nikaingiza chonge, nikasukuma kwa kidole gumba.

Tak.

Zikakaa barabara, kama mtu anayerudi kwenye kiti chake.

"Bibi!" Kimya akasahau kunong'ona. "Mara ya kwanza tu? Bila kuchonga?"

"Mimi hata sijui, mwanangu. Muulize mwenyewe, ndiye aliyekuja kupimwa." Nikageuka kwa jeneza. "Mzee wangu, wakumbushe hawa watoto. Jumanne nilikupimia wapi?"

"Pale kwako, bibi."

Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu azikwe. Imekwaruza, na kwa yale meno ikawa inavuja upepo. Lakini hilo "bibi" lilinichoma. Aliwahi kuniita vizuri zaidi.

"Ulikaa wapi?"

"Kwenye kile kiti chako. Kile kirefu."

Mpambaji wa nyuso akaguna. Alimsindikiza Kimya siku ile aliyopimwa, anajua kwangu kuna stuli ya jikoni yenye mguu mmoja mfupi.

"Na unga wangu wa kupimia, uliuonaje? Ladha yake?"

"Mzuri. Mnanaa."

Nikamgeukia Kimya. "Na wewe, mwanangu?"

Kimya akavua miwani polepole. "Sabuni," akasema. "Siku mbili nilikuwa natoa povu."

Watu wakacheka. Marehemu naye akacheka kidogo ili afanane na watu, na chonge zikamwakia.

"Sawa, nimekamatwa," akasema. "Sikuenda. Nilikuwa na uchovu, nikadanganya kidogo. Ni dhambi gani?"

"Si dhambi," nikamwambia. "Wala sikugombezi. Nakuuliza tu, kama sijawahi kukupima, haya meno yamekuenea vipi?"

Kicheko kikakatika kama redio iliyochomolewa.

Nikaingiza mkono kikapuni nikatoa lile taya. Sikumpa Kimya. Nikalipeleka mstari wa mbele, nikaliweka kwenye viganja vya binti yangu.

"Hili nililitengeneza jikoni kwangu kabla hujazaliwa. Ndilo nililotumia kutengeneza zile chonge. Soma chini."

Akageuza. Akasoma mwaka. Akasoma lile neno. Midomo yake ikacheza.

"Ni la nani?" akaniuliza, na anajua ni la nani.

"La baba yako."

"Uongo!" Wifi akaruka. "Mnasikia? Hata wafu huyu hawaachi! Kaka yangu nimemfumba macho mimi, kwa mkono huu! Mwanangu, mtupie taya lake, twende!"

Binti hakulitupa. Alitazama jino lililomeguka, akatazama jenezani. Yule mtu alikuwa amekaa sasa, mdomo wazi, na taa ya Kimya inamwangaza meno yote, ya kwangu na ya kwake. Binti akapiga hatua moja, mkoba ukining'inia begani, akatoa kitambaa anachofutia wateja shingo.

"Samahani, mzee," akasema kwa upole. "Naomba nikufute unga usoni."

Marehemu akaogopa kitambaa kuliko mnyonya damu anavyoogopa jua.

Alisimama ghafla juu ya jeneza. Joho likamnasa mguu. Meza moja ikateleza. Jeneza, mnyonya damu, taa, vyote vikaenda chini kwa kishindo kilichowafanya waombolezaji walie kweli kwa mara ya kwanza siku ile.

Na juu ya kelele zote nikasikia sauti moja.

"Kaka! Kaka yangu, umeumia?"

Ni wifi. Tayari kapiga magoti sakafuni, kamwinua kichwa, anamfuta kwa upindo wa kanga yake, unga unatoka na chini ya unga unatokea uso. Kisha akagundua nyumba nzima imenyamaza. Mkono wake ukasimama hewani.

Tangu siku ya tofaa nilidhani wifi naye alidanganywa kama mimi, akaonyeshwa maiti iliyopondeka.

"Nilimaanisha..." akaanza. "Kaka wa kwenye filamu. Si wote tunaigiza?"

Hakuna aliyesema "kata." Ile taa ndogo nyekundu ya kamera ilikuwa bado inawaka.

Binti yangu alikuwa amelikumbatia lile taya kifuani kwa mikono miwili. Alimtazama yule mwanamke aliyemlea, kwa muda mrefu, kama Kimya anavyopenda watu watazamane.

"Shangazi," akasema.

Tangu amejua kusema sijawahi kumsikia akimwita hivyo. Wifi akatikisika kama kapigwa kofi.

"Shangazi, kama baba ni huyu, siku ile ulimfumba nani macho?"